Debe la Mama Zuhura

Jumapili, Februari. Jua kali tangu asubuhi, hakuna upepo hata wa kutikisa ukuti mmoja, na kuku wamelala chali chini ya kitanda cha uani kama wagonjwa.

Naandika mwenyewe aibu niliyoipata leo hapa Temeke mbele ya watu niliomposa binti yao, maana nikimwachia mwingine aisimulie huenda akanihurumia, nami sistahili. Kwao Zuhura, ndiye huyo binti, kulikuwa na hitma ya babu yake, na baada ya hitma Mjomba Feruzi, kaka wa mama yake na ndiye msemaji wa nyumba ile, alikuwa anipe jibu la posa. Nikaenda mapema kusaidia kazi, kwa kuwa mwenye kuposa hutazamwa mikono kabla ya kanzu.

Kilichoniponza ni debe. Mama Zuhura huuza mafuta ya nazi, na alikuwa amenunua debe la bati lililokuwa na mafuta ya taa, lile la kifuniko cha kusokota, akataka litoke harufu.

"Mwanangu, lisugue kwa majivu, ulianike wazi," akasema.

Mtu mwenye akili angeitika tu. Mie nikasema, "Mama, majivu ni mambo ya kale. Sie shuleni tulifundishwa nguvu ya mvuke." (Shule yenyewe niliishia darasa la nne, na siku ya somo la mvuke, nisiwe mwongo, nilisikia nusu tu, nusu iliyobaki nilikuwa nimetumwa kumkamatia mwalimu kuku.)

Basi nikatia maji kidogo, nikaliweka debe jikoni kando ya sufuria kubwa ya wali, maji yakachemka, mvuke ukatoka kwa fujo, nami nikawaeleza akina mama, bila kuulizwa, kwamba nikiufungia humo ndani utaramba harufu yote. Nikaliepua kwa matambara, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaliweka kwenye mchanga mbichi karibu na mitungi, nikasimama pembeni mikono kiunoni kama bwana fundi.

Debe likaguna. Likaguna tena, halafu ubavu mmoja ukaingia ndani, ko! na wa pili, na wa tatu, likajikunja mbele ya macho yetu kama linafinywa na mtu tusiyemwona. Akina mama wakakimbia, bibi mmoja akaanza kusoma Ayatul Kursiyu.

"Rudini nyie!" akasema Mjomba Feruzi. "Jini gani atoke kwao kuja kubonyeza debe, asiguse wali? Limemsikia huyu anavyojisifu, limeona haya kwa niaba yake."

Uwanja mzima ukacheka. Ningeishia hapo ningekuwa nimeharibu debe tu. Lakini nikajiambia, kama kupoa kumelikunja, moto utalikunjua, nikalirudisha jikoni vilevile limefungwa, maana kifuniko kilikataa kufunguka. Na kweli (nalitetea debe, sijitetei mie) likaanza kunyooka, pa! pa! watu wakapiga makofi, nami, Mungu anisamehe, nikainama kidogo kupokea sifa.

"Ondoka hapo, wewe!" Mjomba akamvuta yule bibi, akanivuta na mie kwa ukosi. Haki yake nimpe, bila yeye tungeungua. Kiungio cha debe kikapasuka, maji na mvuke vikapiga makaa, majivu yakapaa kama wingu na kutua juu ya wali, ambao mpishi alikuwa ndiyo kwanza ameufunua.

Hakuna aliyecheka. Mama Zuhura akanitazama. "Mwanangu, kaa chini," akasema, basi. Afadhali angenitukana.

Mjomba akaniambia niende nyumbani, jibu nitalisikia. Nimerudi kwa Shangazi Mwanahawa, aliyenilea, nimekaa nikiwaza. Nadhani mvuke ulipopoa ulirudi kuwa maji, ndani pakabaki patupu, hewa ya nje ikalikandamiza debe. Sina hakika, pengine ndiyo nusu niliyoikosa. Ila nimeapa, sitafunga tena chombo chochote chenye moto, na nikiambiwa majivu nitachukua majivu.

Magharibi mke wa Mjomba Feruzi akapiga hodi, kichwani sinia limefunikwa kawa. Akamwambia Shangazi, "Wenyewe wamesema wageni tumewapikia wali mwingine. Huu wa majivu ni wa mkwe wetu, na aumalize."

Nikainamisha kichwa. Shangazi akanipiga kofi la bega. "Mjinga wewe, husikii? Wamekuita mkwe!" Akapiga kigelegele peke yake hadi majirani wakachungulia.

Tumekula wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki changu, kila tonge linakwaruza meno, na hatukubakisha hata punje.