Shikamoo za Ukumbi Mzima

Wenzangu, nilishuka kutoka kwetu milimani Lukozi hadi chuo kikuu kusikiliza mhadhara wa wajasiriamali, na jamu yangu ya mapeasi kikapuni, nikiomba nipate japo mteja mmoja wa mjini. Nilichelewa. Nilipoingia, mhadhiri akanyamaza. Mimi nikajua ananipisha nisalimie, maana kwetu huingii penye watu ukakaa tu kama gogo. Nikaanza safu ya mbele, mkono kwa mkono: "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Wakaitikia wakitabasamu, nikajiona nimependwa!

Nilipofika safu ya tatu, mhadhiri akauliza kwenye kipaza sauti: "Binti, umemaliza, niendelee?"

"Bado wa nyuma, mwalimu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikabaki nimeshika mkono wa mtu, sijui niuachie.

Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mwacheni aje! Na hicho kikapu kina nini, mwanangu?"