Kinyozi wa Maafisa wa Nta

Bahattin Kolcu aliwanyoa wanaume wa mtaa wetu mjini Samsun kwa muda mrefu kuliko wengi wao walivyokuwa na ndevu. Alizaliwa Vezirköprü. Alifundishwa kazi mjini Çarşamba na kinyozi aliyemchapa vidole kwa kitana kila alipokata kabla ya kutazama. Alipoitwa jeshini alipelekwa Erzurum, akakabidhiwa mkasi badala ya bunduki, na jambo hilo alilisimulia bila haya yoyote.

"Taifa linahitaji watu wa kupiga risasi," alikuwa akisema, "na linahitaji mtu wa kuwaondolea nywele machoni ili waone wanampiga nani."

Kila mwaka, siku chache kabla ya sikukuu ya tarehe kumi na tisa Mei, alifunga duka asubuhi nzima akaenda melini. Meli hiyo ni mfano wa Bandırma, ile iliyomleta Pasha, jemadari aliyekuja kuwa baba wa taifa, mjini kwetu mwaka 1919, vita vya uhuru vilipokuwa vinaanza. Mfano huo umesimama ufukweni, hauendi popote, na ndani yake maafisa wa nta wameizunguka meza yenye ramani. Masharubu yao ni ya nywele halisi. Unyevu wa Bahari Nyeusi huyavimbisha na vumbi la wageni huyakalia; basi Bahattin aliyachana, akayapaka mafuta kidogo, na pale tu unywele mmoja ulipotoka kwenye mstari, akaukata. Sanamu ya Pasha mwenyewe hakuigusa. Hiyo ilikuwa na wahudumu wake. Lakini hao maafisa aliwahesabu kuwa wateja wake, na wateja wagumu kuliko wote. Mtu aliye hai akikatwa vibaya hununa mpaka nywele ziote. Afisa wa nta haoti chochote. Kosa la kinyozi hubaki usoni pake mbele ya taifa zima.

Mwaka ninaousimulia, mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Hakuuficha. Seyfettin, dereva wa basi mstaafu ambaye hakuwa na adabu hata alipokuwa akiendesha abiria, alimwambia mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri zamu:

"Bahattin, hizi ni ndevu zangu, si zeze. Mbona unazipigia muziki?"

"Kaa kimya, nisije nikakuimbisha."

Watu walicheka, Bahattin naye akacheka, ila jioni hiyo alimwambia mfanyabiashara wa simu, aliyekuwa akilitamani duka lile kwa muda mrefu, kwamba atapata jibu baada ya sikukuu.

Binti yake, Nurhayat, alilisikia jambo hilo kwa mwuza mikate kabla ya kulisikia nyumbani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, aliyekuwa akitengeneza nywele za wanawake katika saluni ya mtu mwingine. Masharubu na ndevu alijifunza utotoni, akiwa amesimama juu ya kreti nyuma ya kiti cha baba yake. Alikuja dukani, akavua koti, akauliza bila salamu:

"Baba, unauza duka nami nipo?"

"Ulitaka niuze ukiwa umekufa?"

"Nalitaka mimi."

"Wanaume hawatakaa, mwanangu."

"Nani kasema?"

"Nimewakalisha maisha yangu yote. Nawajua."

"Umewakalisha wewe. Mimi hujaniacha nimkalishe hata mmoja."

Bahattin alikuwa mtu wa haki, na alijua ameshindwa hoja. Alikunja taulo, akalikunja tena. Kisha akatoa shauri lake. Waende wote wawili melini. Wanaume wa nta hawachagui kinyozi. Nurhayat amtengeneze afisa mmoja, yeye awatengeneze wengine kadiri mkono utakavyomruhusu. Akishindwa kutofautisha kazi ya binti na kazi yake mwenyewe, duka ni la binti. Akiitofautisha, ni la simu.

"Na wewe ndiye hakimu?" aliuliza Nurhayat.

"Unamtaka Seyfettin?"

"Hapana. Wewe unatosha."

Yaliyofuata nayajua kutoka kwa wote wawili, nao wanayasimulia kwa namna moja, jambo ambalo katika familia ni nadra.

Msimamizi wa meli, Bibi Tülay, aliwafungulia kamba ya chumba cha mikutano, akawaletea chai katika gilasi ndogo, kisha akapanda sitahani kuwapokea watoto wa shule waliokuja kufanya mazoezi ya shairi la sikukuu. Sauti zao zilisikika juu ya dari, zikianza ubeti, zikikatishwa, zikianza upya. Bahattin alianza na afisa aliyekaa karibu na mlango. Alishika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, akafanya kazi polepole, na kazi ikawa safi. Alipofika kwa wa tatu jasho lilikuwa limemtoka, na masharubu yalikuwa yamechanwa tu, hayakukatwa.

Nurhayat alipewa afisa aliyesimama ubavuni mwa chumba, shavu moja likielekea ukutani. Masharubu yake ndiyo yaliyovimba kuliko yote. Kwanza aliyakausha kwa kitambaa. Akangoja. Akayachana kuelekea chini, kisha kuelekea pembeni, akayatazama kwa muda mrefu kiasi kwamba baba yake alikohoa kumharakisha. Hakufanya haraka. Alikata nywele chache mno, kila moja peke yake, akaufunga mkasi, akageuka kuyapanga mabrashi mkobani.

Bahattin akasogea kuhukumu. Alitazama kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka chini. Alitafuta kosa kwa moyo wote, maana alijua akilikosa ameliacha duka. Hakuliona. Alisimama mbele ya afisa yule kama anavyosimama mbele ya mteja aliyekwisha nyolewa, na hapo mkono wake ukafanya yale uliyoyafanya mbele ya kila mteja tangu Çarşamba: ukachukua mkobani kijiti chenye pamba ya spiriti, ukakiwasha, ukapiga moto kidogo kwenye sikio, kama wafanyavyo vinyozi wa kwetu, ili vinyweleo viungue.

Nurhayat alisikia harufu. Alipogeuka, ncha ya sikio la afisa ilikuwa imeanza kung'aa na kuteremka kuelekea kwenye kola.

"Baba! Ni nta!"

Bahattin alikizima kijiti ndani ya gilasi ya chai. Nurhayat anasema aliogopa. Lakini nta ilikuwa bado laini, na haikuwa saa ya kuogopa. Alilishika sikio kwa vidole viwili, akalirudisha juu.

"Geuka," alimwambia.

"Nini?"

"Geuka, nilione sikio lako. La pili la huyu liko ukutani, silioni vizuri. Usitikisike."

"Mimi ndiye wa kuambiwa nisitikisike?"

"Mkono utikisike unavyotaka. Sikio lako limetulia."

Basi alisimama pale, kinyozi wa Samsun, uso ukiielekea ramani ya Anatolia, binti yake akimtazama sikio na kufinyanga. Aliupinda ukingo, akalichimba tundu kwa mpini wa kitana, akaivuta kidogo nyama ya chini, kwa kuwa masikio ya akina Kolcu ni marefu. Lilipopoa aliufuta mng'ao kwa unga wa poda.

"Huyu sasa ni ndugu yetu," alisema Bahattin hatimaye. "Twende tukamwambie Bibi Tülay."

"Tumwambie?"

"Sikio nimelichoma mimi. Nitalisema mimi."

Bibi Tülay alishuka, akasikiliza, akawasha taa, akalikagua sikio, kisha akalikagua la Bahattin. Aliuma mdomo.

"Fundi, kwa miaka yote hii ulikuwa ukileta moto humu?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza. Miaka mingine nilikuwa na kazi ya kunitosha mikononi."

"Na hili kalirekebisha nani?"

"Kinyozi," alisema Bahattin, akimwonyesha binti yake.

Bibi Tülay alisema ataandika taarifa na fundi wa sanamu ataitwa kulitazama. Alisema pia kwamba mwakani angependa aje huyo kinyozi, na kwamba mkoba utakaguliwa mlangoni.

Siku iliyofuata sikukuu, mfanyabiashara wa simu alikuja na futi ya kupimia kuta. Alimkuta Bahattin amekaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, taulo shingoni, povu mpaka machoni, na Nurhayat amesimama juu yake na wembe. Bahattin alikuwa amemwambia binti yake alifungue pazia lote, barabara nzima ione. Kundi dogo lilikuwa limekusanyika nje. Seyfettin alikuwa mbele yao, kama ilivyotarajiwa.

"Bahattin! Umekuwa mteja? Na utalipa?"

Bahattin hakuweza kujibu, wembe ulikuwa chini ya mdomo wake. Nurhayat alijibu bila kuinua macho.

"Atalipa, ami Seyfettin. Na wewe utalipa. Leo hakuna wa bure."

"Mimi nimesema nakaa?"

"Hujasema. Lakini ndevu zako zimesema."

Watu walicheka. Mfanyabiashara wa simu aliirudisha futi mfukoni, akaaga kwa heshima, akaondoka. Seyfettin alibaki mlangoni kitambo, akiutazama wembe ukishuka kwenye koo la rafiki yake, ukipanda, ukifutwa, ukishuka tena. Hakukuwa na damu. Akavua kofia, akaingia, akalitundika koti lake.

"Anayefuata ni mimi," alisema. "Na msinizungumzishe."