Mstari kwenye Mlango wa Kanisa

Kama kuna kitu Iakopo alikichukia kuliko kutu, ni shamba la magimbi la baba mkwe wake. Liko juu mlimani, lina matope mwaka mzima, na mzee mwenyewe hulima huku akihubiri. Iakopo ni fundi rangi, bwana. Mabasi mengi yanayopita upande wetu huu wa kisiwa cha Savai'i, hapa Samoa, yameng'arishwa kwa mkono wake, na hakuna hata moja lenye mchirizi wala mstari. Ukimtafutia ugomvi, mwambie tu umeona mstari.

Ila ile bunduki yake ya zamani ya kupulizia rangi ilikuwa balaa. Ilikuwa ya presha kubwa. Ukiibonyeza inatema rangi kwa hasira, nusu inashika bati, nusu inapanda hewani na kwenda kutafuta pa kutua. Mwaka jana, siku chache kabla ya Jumapili ya Watoto, ambapo watoto wote huvaa nyeupe kanisani, alipiga basi rangi ya buluu nyuma ya nyumba ya mchungaji, na mama mchungaji alikuwa ameanika nguo nyeupe za watoto wote wa kwaya. Wee! Watoto waliingia kanisani wana madoadoa kama kanga. Jogoo wa mchungaji alibaki buluu hadi Krismasi.

Baraza la kijiji lilimtoza nguruwe jike, na hilo alilimeza. Lakini Mzee Ulufale, msemaji wa baraza, aliamuru bunduki nayo ifungwe. Ikafungwa kweli, ikaning'inizwa kwenye nguzo ya nyumba ya baraza kila mtu aione, na Iakopo akapanda mlimani kuinamia magimbi.

Aliyemwokoa ni dada yake wa Auckland. Katikati ya pipa la nyama za kopo na mablanketi alichomeka bunduki mpya, ya presha ndogo. Iakopo aliipeleka mbele ya baraza ameibeba kwa mikono miwili.

"Wazee wangu, hii ni mpole," alisema. "Rangi inatoka taratibu, inakwenda kwenye mbao na kukaa hapo hapo. Hairuki. Hata rangi yenyewe inatumika kidogo."

"Hata ile ya kwanza ulisema ni mpole," alisema Mzee Ulufale.

"Ile nilisema ina kasi, mzee."

"Na kweli tuliiona kasi yake. Haya, sikiliza. Milango ya kanisa imechakaa. Ipige rangi iwe tayari Jumapili ya Watoto. Ukifanya vizuri, uko huru na bunduki yako. Ukiharibu chochote, rangi basi. Baba mkwe wako amesema yuko radhi kukuchukua moja kwa moja."

Baba mkwe, aliyekuwa ameketi pembeni, alitabasamu kwa upendo. Iakopo alihisi mgongo unamuuma tangu hapo.

Basi akaanza, na ndipo alipozijua tabia za mpole wake. Kwanza, ina maringo: rangi ikiwa nzito kidogo inaziba, sharti uichanganye na thina mpaka iridhike. Pili, ni ya polepole. Mlango ambao bunduki ya zamani ingeumaliza kabla hujapiga chafya, hii inaupapasa tu. Tatu, na hili ndilo lililokuja kumponza, inakula upepo kuliko kitu chochote alichowahi kushika. Ile ya zamani ulikuwa unajaza upepo tangi la kompresa, unazima, unafanya kazi yako kimya. Hii, ukizima kompresa, baada ya muda mfupi inaishiwa pumzi. Kwa hiyo kompresa inanguruma muda wote, kijiji kizima kinasikia.

"Hiyo ndiyo mpole?" aliuliza mkewe, Fuatino, aliyemletea chai ya kakao.

"Mpole kwa nguo, mke wangu. Siyo kwa masikio."

Mama mchungaji hakutaka kuambiwa. Alitoka na mashuka yake meupe yote, akayaanika karibu kabisa na mlango, kisha akaleta kiti.

"Endelea tu, mwanangu," alisema. "Mimi napunga upepo."

Mvua ikamchelewesha Iakopo, ikanyesha na kunyesha, hata mkono wa mwisho wa rangi ukaangukia Jumamosi alasiri. Mlango wa kushoto ukaisha, ukang'aa, ukajiona mwenyewe. Wa kulia akauanza kutoka juu, akishuka polepole, jua nalo likishuka naye. Alikuwa amevaa barakoa, kompresa inanguruma, mwenyewe anaimba. Hakuusikia mtungi mtupu wa gesi, kengele yetu, ukigongwa kuita watu majumbani, kwamba saa ya sala imekaribia. Kwetu saa hiyo hapiti mtu wala pikipiki, hata mbwa wanajua. Vijana wa doria wanasimama barabarani na fimbo.

Alipogeuka, Mzee Ulufale alikuwa nyuma yake, amekunja mikono.

"Iakopo. Hicho kitu chako kitasali na sisi?"

"Mzee wangu, nusu mlango imebaki! Nikiacha sasa inakauka, halafu nikija kuunganisha patatoka mstari!"

"Na usipoacha?"

Iakopo akatazama mlimani, kisha akaizima kompresa. Kimya kikaanguka. Lakini ndani ya tangi mlikuwa na upepo kidogo, na upepo hauna kelele, kwa hiyo akarudi mlangoni mbio mbio, akapuliza, akapuliza, bunduki ikaanza kukohoa, ikatoa kijipovu kimoja, ikakata roho. Rangi ilikuwa imefika usawa wa kitasa. Angekuwa na ile mbaya yake ya zamani, tangi lile lingemfikisha chini na chenji juu.

Mtungi ukagongwa mara ya pili. Akaketi pale pale kwenye nyasi, barakoa usoni, na kijiji kikaimba kutoka kila nyumba. Iakopo aliomba kuliko alivyowahi kuomba. Aliomba rangi isikauke. Ikakauka.

Baada ya sala alimalizia sehemu ya chini. Mstari ukatoka kama alivyosema, umenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Usiku huo hakula.

"Watu hawataona," alisema Fuatino.

"Watauona vipofu!"

Asubuhi mama mchungaji aliyakagua mashuka yake, miwani puani, pindo kwa pindo. Hakupata hata tone, na alionekana kama mtu aliyekosa kitu. Watoto waliingia kanisani weupe pepepe. Kisha mchungaji akapanda mimbarini na kunyoosha kidole mlangoni.

"Mnauona ule mstari? Hapo ndipo mwenzetu aliposikia wito, akaiacha kazi yake. Nani kati yetu ana mstari wake wa kuonyesha?"

Kina mama wakajifuta machozi. Iakopo naye alilia, ila kwa sababu nyingine.

Baada ya chakula alikwenda kwa Mzee Ulufale. "Mzee, uhuru umenipa, nashukuru. Sasa niruhusu niufute. Nipige msasa kidogo tu."

"Ukiugusa, nguruwe."

"Mzee wangu, mimi ni fundi! Watu wataniona vipi?"

"Wawili," alisema mzee.

Wiki ile ile wakaja wazee wa kijiji cha jirani, ambao hawajawahi kukubali kushindwa nasi hata kwenye kukohoa. Walikuwa wanataka milango ya kanisa lao ipigwe rangi, na walimtaka yeye, si mwingine.

"Nitawapigia ing'ae mpaka mjinyolee hapo," alisema Iakopo, kifua mbele. "Tena bila mstari hata mmoja!"

Wazee wakatazamana.

"Bila mstari tunao mafundi wa kwetu wa kutupigia," alisema mkubwa wao. "Sisi tunataka yenye mstari. Tena uwe juu kuliko wa hawa. Sisi wito tunausikia mapema zaidi."

Iakopo alifungua mdomo amtukane. Nyuma yao, njiani, baba mkwe alikuwa anashuka kutoka mlimani na jembe begani, akihubiri peke yake, akampungia mkono.

Iakopo akaufunga mdomo.

"Juu kiasi gani?" akauliza.