Maji Safi, Maji Twahara

Mpaka leo nikisikia harufu ya kamba ya makumbi ya nazi iliyolowa, hushikwa na haya. Mtanicheka, lakini mie hurudi kijijini kwetu Ole, kwenye kisima cha Bi Mize, ningali kitoto chenye kiherehere cha watu wazima watatu.

Bi Mize alikuwa jirani yetu, mjane. Kisima kile alikichimba marehemu mumewe, akakiweka sadaka kwa kila apitaye. Bi Mize aliamini kila ndoo inayotekwa pale humfikia mumewe kaburini kama thawabu. Basi hukaa barazani akasikiliza ndoo zikitumbukia, roho yake kwatu.

Asubuhi nilikwenda skuli, alasiri chuoni kusoma Kurani. Skuli tulifundishwa kuwa maji ya kisima si safi mpaka yachemshwe, yana vidudu visivyoonekana. Chuoni ilikuwa twahara, twahara. Udhu hausihi kwa maji yasiyo twahara. Mie kwa akili zangu nikaona ni neno moja lililobadilishwa kanzu.

Siku moja wanawake walijaa kisimani wakitawadha kwa ajili ya hitima. Nikapaza sauti: "Mwalimu kasema maji ya kisima hayana twahara!"

Lahaula! Kata za kutekea maji zikasimama hewani.

"Kumeingia nini?" akauliza mmoja.

"Vidudu!" nikajibu, kifua mbele. "Vimejaa tele!"

Wakayamwaga palepale. Kufikia magharibi hapakuwa na ndoo hata moja, na wengine walikuwa majumbani wakilipa sala zao upya. Bi Mize alikaa barazani peke yake, kanga kaivuta mpaka machoni.

Shehe wetu wa chuoni alipopata habari, alikuja akatawadha pale mbele ya watu, kisha akaniita. Maji ya tope, akasema, yaweza kuwa twahara yasiwe safi ya kunywa. Na maji ya birika, yachemshwe yang'ae vipi, yakidondokewa na mkojo wa mtoto hayafai udhu. "Safi muulize mwalimu wako. Twahara niulize mimi." Nililia mpaka kwikwi.

Watu wakarudi kuteka. Bi Mize hakunikaripia hata siku moja. Ila kila nikipita hunishika mkono, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, leo yana twahara?"

Nilidhani ananisuta. Nikijichomoa, nikitimua mbio.

Nimekuja kufahamu ukubwani, naye keshatangulia mbele ya haki. Masikini, hakuwa akinisuta. Bi Mize hakujua herufi hata moja, na machoni pake mie mwana wa skuli ndiye msomi. Shehe aliwatoa wasiwasi wengine wote, yeye hakumtoa. Kila siku alikuwa akiniuliza kama mumewe bado anafikiwa. Alitaka nimwambie "yanayo," basi, nami sikumwambia.