Mzee Masanja na pampu yangu mgongoni

Leo nimemfokea jirani, na sasa sijui nitamtazamaje.

Huku Sitalike alizeti zimechanua. Saa tatu asubuhi naenda shambani, namkuta Mzee Masanja na mwenge wa nyasi unawaka, chini ya mti wenye nyuki, mpakani kwetu. Jana nyuki hao walimuuma ndama wake mpaka akafa.

Nikasimama mbele yake.

"Mzee, ukiwachoma hao nimekwisha."

Maana mwaka jana aliwachoma. Alizeti zangu zikatoa vichwa vikubwa, vya kupigia picha kabisa. Kupukuchua, mapepe matupu. Nyuki wasipopita kwenye ua, mbegu haijai.

"Mama Neema, toka hapo."

"Sitoki."

Moto unashuka kuelekea vidole vyake na yeye haachii mwenge. Mimi nambwatukia tu, eti ana roho mbaya, anaua wanaotulisha.

Akatupa mwenge chini, akaukanyaga kwa katambuga zake za tairi. Kisha akaninyooshea fimbo mgongoni.

"Na hiyo pampu, mama, umebeba uji?"

Jamani.

Pampu imejaa dawa ya wadudu. Nilikuwa naenda kupuliza alizeti hizo hizo, maua yako wazi, nyuki wamejaa juu yake.

Nimerudi nayo nyumbani, iko hapa mlangoni.

Mwaka jana nilimtangaza kijiji kizima kwamba kaniharibia mavuno. Kumbe mwaka huo huo nilipuliza mara mbili, mchana kweupe, nyuki wakiwa mauani.

Nyie, kwa huyu mzee naanzia wapi?