Jina Hujaribiwa Kwanza

Mke wangu ni fundi cherehani, na akimaliza nguo za watu huandika michezo ya redio. Kwake jina la mhusika ni kama gauni, halitoki mpaka lijaribiwe mwilini. Basi kabla hajaandika neno, wiki nzima nyumbani tunamwita kwa jina la huyo mtu wake. Majina ya kiume huniangukia mimi. Mwaka jana niliitwa Songombingo mbele ya mashemeji, nikaitika. Ningefanyaje?

Safari hii alitangaza mezani, "Niiteni Tabu."

Mama mkwe, tunayeishi naye, akaweka kijiko chini. Tabu ni jina lake. Alizaliwa kwa shida, mamaye nusura afe, wakampa hilo, naye hajalipenda hata siku moja. Kwa majirani yeye ni Mama Fundi. Zahanati wakimwita husubiri waite tena na tena, kisha huinuka kichwa chini kama aliyeiba.

"Mwanangu, unataka watu wanicheke?"

"Nataka walizoee, mama."

Tabu wa mchezo ni mjane anayejenga nyumba tofali kwa tofali, ndugu wa mume wakimbeza hadi siku anayoezeka paa. Mkuu wa michezo pale redioni aliupenda wote, isipokuwa jina.

"La mkosi hilo, dada. Weka Furaha, la sivyo hautoki."

Nilikuwepo, nimeshika mkoba. Mke wangu alikusanya karatasi zake taratibu.

"Kaka, mimi ni fundi. Nguo hii nimeipima kwa mwenyewe, simvishi mwingine."

Tukatoka. Kwenye ngazi aligeuka mara mbili kuutazama ule mlango, maana michezo ndiyo roho yake. Mimi nilitembea kifua mbele utadhani nimesema mimi.

Ilipokaribia Jumamosi, siku ya mchezo redioni, mkuu hakuwa na mwingine, akapiga simu. Jina likabaki. Haukupita muda, mtaani ikawa Tabu kawaweza, Tabu kawaziba midomo. Mama mkwe alisikiliza akimenya vitunguu.

Juzi nilimsindikiza zahanati. Ukumbi ulijaa. Nesi akachungulia mlangoni, akaita, "Tabu!"

Mara moja tu. Mama akasimama, akatengeneza mtandio wake, akageukia benchi zima.

"Ndiyo mimi," akasema. "Na aliyeandika ni mwanangu."