Soksi Zangu za Ulaya

Juzi nilitoka Magomeni kwa miguu hadi Mchafukoge kuomba kazi ya kompyuta. Mwenye diploma ya Ulaya ni mimi, basi niliketi mbele ya meneja nimekunja nne, soksi zangu za sufu zionekane.

"Karibu ndani uione mashine, ndugu," akasema meneja, akiufungua mlango wa chumba cha kompyuta.

"Na viatu?" nikamkemea. "Kompyuta haitaki vumbi! Ulaya tunavua mlangoni."

"Huyu ndiye tuliyemtafuta!" Meneja akavua vyake, makarani nao wakavua, kisha wote wakanigeukia.

Nikasema miguu imevimba.

"Vua tu, mtaalamu wetu."

Nikavua. Soksi zilikuwa shingo tupu, hazina nyayo, na soli za viatu vyangu zilizotoboka zilikuwa zimezoa vumbi la Magomeni lote hadi vidoleni.

"Ndugu," akasema meneja taratibu, "hebu vaa viatu. Kompyuta haitaki vumbi."